Mtaalamu wa unyonyeshaji: Safari ya saa 1,000 inayoweza kuanzia Tunduma

Na Mwandishi Wetu

MJI wa Tunduma haulali. Usiku na mchana malori ya mizigo hujipanga katika barabara kuu iendayo Zambia, na alfajiri wanawake huwa wamekwisha kupanga biashara zao karibu na mpaka: ndizi, maharage, vitenge, mchele, chai na maandazi.

Miongoni mwao wamo waliojifungua wiki chache tu zilizopita. Mtoto huachwa nyumbani kwa bibi au kwa dada wa kazi, na mama hurejea jioni akiwa na matiti yaliyojaa na kuuma. Baada ya siku kadhaa maziwa huanza kupungua, mtoto hulia kila mara, na jirani hutoa ushauri uliozoeleka: maziwa yako hayatoshi, mkorogee uji mwepesi.

Mtoto huyo huwa na umri wa miezi miwili au mitatu. Swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu ni hili: ni nani aliyefunzwa kumsaidia mama huyo kabla kijiko cha uji hakijafika mdomoni mwa mtoto? Na mtu husoma nini, kwa muda gani, hadi awe mtaalamu wa unyonyeshaji mwenye cheti kinachotambuliwa duniani?

Mtaalamu huyu ni nani?

Kazi ya kumsaidia mzazi anyonyeshe ni ya kale. Katika nchi ya Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali, kama ilivyo kwingineko nchini, ilifanywa na bibi, shangazi na mkunga wa jadi. Lililo jipya ni kuifanya kazi hiyo kuwa taaluma yenye mtaala, mtihani na maadili yake.

Chimbuko la taaluma hiyo ni vikundi vya akina mama waliokuwa wakisaidiana, kikiwamo La Leche League kilichoanzishwa mwaka 1956 katika jimbo la Illinois, Marekani. Baadaye ilionekana kuwa uzoefu pekee hautoshi, hasa kwa mama mwenye matatizo makubwa au mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Mwaka 1985 ndipo ilipoanzishwa bodi huru ya kutahini na kutoa vyeti, International Board of Lactation Consultant Examiners, ambayo hufahamika zaidi kwa kifupi cha IBLCE. Makao yake makuu yapo katika jimbo la Virginia, Marekani. Anayefaulu mtihani wake huruhusiwa kutumia herufi IBCLC baada ya jina lake, na wenye cheti hicho sasa wanapatikana katika nchi zaidi ya 100.

Mtaalamu wa namna hiyo hachukui nafasi ya daktari wala ya mkunga. Hatoi dawa, na hatangazi kuwa mtoto ana ugonjwa fulani. Kazi yake ni kuchunguza jinsi mtoto anavyonyonya, kutambua chanzo cha tatizo, kupanga pamoja na mama namna ya kulimaliza, na kumpeleka kwa daktari haraka pale dalili zinapovuka mipaka ya taaluma yake.

Wapo pia wanasihi wa unyonyeshaji, ambao hupata mafunzo mafupi zaidi na ambao ndio wengi katika vituo vyetu vya afya. Mnasihi hushughulikia mambo ya kawaida, na mtaalamu mwenye cheti huitwa pale mambo ya kawaida yanaposhindikana. Ngazi hizi mbili hutegemeana, na kama itakavyoonekana hapa chini, ya kwanza ndiyo njia ya kuifikia ya pili.

Kwa nini Songwe?

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yapo Vwawa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3 mkoani humo.

Ni mkoa wa mahindi na kahawa, hasa Mbozi, na wakazi wake wengi ni wakulima. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 43.3 ya watoto wa Songwe wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 32. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu, ambapo kiwango cha Songwe kilikuwa takriban asilimia 32.

Udumavu una sababu nyingi: chakula cha aina moja, maji yasiyo salama, maradhi ya mara kwa mara, na kazi nzito za mama. Lakini miezi sita ya mwanzo ina uzito wa pekee, kwani mtoto anayepewa maji au uji mapema hupata chakula hafifu na vijidudu kwa wakati mmoja.

Kitaifa, hali ya unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee imekuwa ikipanda. Mwaka 2010 ilikuwa asilimia 50 ya watoto wa chini ya miezi sita, mwaka 2015/16 ikawa asilimia 59, na mwaka 2022 ikafikia asilimia 64. Maana yake ni kwamba zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu bado alikuwa akipewa kitu kingine.

Tafiti hizo huonyesha pia kuwa akina mama wengi huanza vizuri, kisha idadi hushuka kadiri mtoto anavyokua. Elimu ya kliniki ya wajawazito humfikia mama kabla hajajifungua, lakini matatizo humkuta nyumbani au gengeni, wiki ya tatu au mwezi wa tatu, wakati hakuna tena muuguzi pembeni yake.

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makadirio kuwa iwapo unyonyeshaji ungefikia karibu akina mama wote duniani, vifo vya watoto wapatao 823,000 vingezuiwa kila mwaka.

Kilio cha "maziwa hayatoshi"

Ili kuelewa kwa nini kazi hii inahitaji mafunzo marefu, tuchukue lalamiko hili moja. Asiye na mafunzo atajibu kwa moja ya njia mbili: atamwambia mama anywe supu na uji wa kutosha, au atamwambia amwanzishie mtoto chakula kingine.

Aliyefunzwa hajibu kwanza. Huuliza, kisha huketi na kumtazama mtoto akinyonya tangu mwanzo hadi mwisho. Hutafuta dalili nne: mdomo wa mtoto umefunguka sana, mdomo wa chini umebinukia nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Dalili hizo zikikosekana, mtoto anavuta chuchu tu, mama anaumia na maziwa hayatoki ipasavyo.

Baada ya hapo hupima uzito na kuulinganisha na kadi ya kliniki. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, lakini upungufu unaozidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa ni ishara ya hatari, na mtoto hutarajiwa kuurudia uzito wake ndani ya wiki mbili hivi. Huuliza mtoto ananyonya mara ngapi, kwani mtoto mchanga huhitaji kunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa saa 24. Huuliza pia anakojoa mara ngapi, kwani baada ya wiki ya kwanza mtoto anayeshiba hukojoa angalau mara sita kwa siku.

Mara nyingi hubainika kuwa maziwa yapo, ila mtoto hakushikishwa titi vizuri, au mama hukaa saa nyingi bila kunyonyesha wala kukamua. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Titi lililojaa na kuachwa hupokea taarifa kuwa kazi imepungua, nalo hupunguza uzalishaji.

Mara chache hubainika tatizo la kweli: mama aliyebakiwa na kipande cha kondo la nyuma, mwenye ugonjwa wa tezi, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa titi, au mtoto mwenye mdomo sungura au ugonjwa wa moyo. Kutofautisha kundi hili na lile la kwanza ndiko hasa kunakofanya mtaalamu ahitajike.

Njia tatu za kufikia mtihani

IBLCE imeweka njia tatu za kumfikisha mtu kwenye chumba cha mtihani. Zote hudai elimu ya afya kwa ujumla, elimu ya unyonyeshaji na saa za kuwahudumia akina mama. Tofauti kubwa ipo katika saa hizo.

Njia ya kwanza ni ya wataalamu wa afya wanaotambuliwa na bodi, wakiwamo wauguzi, wakunga, madaktari na wataalamu wa lishe. Ni ya pia wanasihi wa vikundi vya kusaidia akina mama ambavyo bodi imevitambua. Hawa hutakiwa kuwa na saa 1,000 za huduma ya unyonyeshaji walizozifanya katika miaka mitano kabla ya kuomba mtihani. Hawalazimiki kusimamiwa na mwenye cheti.

Njia ya pili ni ya wanaosoma katika chuo chenye programu ya unyonyeshaji iliyoidhinishwa. Humo mwanafunzi hufanya saa 300 za vitendo akisimamiwa moja kwa moja. Vyuo vya namna hiyo ni vichache duniani, na gharama yake kwa Mtanzania wa kawaida ni kubwa.

Njia ya tatu ni ya kufundishwa na mtaalamu aliyekwisha kupata cheti, kwa mpango ulioidhinishwa mapema na bodi. Mwanafunzi hufanya saa 500 chini ya usimamizi wa moja kwa moja. Kwa mkazi wa Tunduma ugumu upo wazi: mwalimu huyo lazima awepo mahali ambapo mwanafunzi anaweza kumfuata kila wiki.

Kwa muuguzi mkunga wa Songwe, basi, njia ya kwanza ndiyo iliyo karibu. Saa zake ni nyingi kuliko za njia nyingine, lakini anazifanya akiwa kazini, katika wodi ya wazazi na kliniki ya watoto anakolipwa mshahara wake.

Masomo ya darasani

Kwa njia zote tatu, mwombaji huonyesha kuwa amesoma saa 95 za elimu ya unyonyeshaji katika miaka mitano iliyotangulia. Kati ya hizo, saa 90 ni za unyonyeshaji wenyewe, na saa tano ni za stadi za mawasiliano, yaani namna ya kumsikiliza mama bila kumhukumu.

Maudhui ni mapana: ukuaji wa mtoto na lishe, maumbile ya titi, homoni zinazotengeneza na kutoa maziwa, maradhi ya mama na mtoto, dawa zinazopita au zisizopita katika maziwa, mila na saikolojia ya mzazi, pamoja na stadi za mikono na za kitabibu.

Asiyekuwa mtaalamu wa afya huongezewa mzigo wa masomo 14 ya sayansi ya afya. Manane ni ya kiwango cha chuo, kama vile anatomia, fiziolojia, biolojia, lishe na ukuaji wa mtoto. Sita ni ya mafunzo ya kazini, kama vile huduma ya kwanza ya kuokoa maisha, utunzaji wa kumbukumbu za mgonjwa, maadili na kinga dhidi ya maambukizi. Muuguzi aliyesajiliwa huhesabiwa kuwa amekwisha kuyasoma katika chuo chake.

Masomo mengi ya saa 95 hutolewa siku hizi kwa intaneti na kwa Kiingereza. Anayesoma saa mbili kila wiki atayamaliza kwa takriban mwaka mmoja.

Hesabu ya saa 1,000

Saa 1,000 huwatisha wengi. Lakini zikigawanywa kwa miaka mitano ni saa 200 kwa mwaka, yaani karibu saa nne kwa wiki. Muuguzi anayetumia saa moja tu kila siku ya kazi kuwasaidia akina mama kunyonyesha, siku tano kwa wiki na wiki 50 kwa mwaka, hupata saa 250 na humaliza hesabu yake kwa miaka minne.

Si kila saa ya zamu huhesabiwa. Kupima mapigo ya moyo, kuchoma sindano au kufunga kidonda hakumo. Inayohesabiwa ni saa ya kumshikisha mtoto titi, kumfundisha mama kukamua, kutathmini uzito wa mtoto kwa ajili ya unyonyeshaji, kumhudumia mama mwenye uvimbe wa titi, au kumnasihi mjamzito kuhusu kunyonyesha.

Hapa ndipo wauguzi wengi hupoteza haki yao. Kazi wanaifanya kila siku, tena mara nyingine kwa miaka kumi, lakini haijaandikwa popote. Bodi inaweza kumtaka mwombaji athibitishe saa zake, na asiye na kumbukumbu hana cha kuonyesha.

Dawa yake ni daftari. Kila siku iandikwe tarehe, kituo, aina ya huduma na muda uliotumika, bila jina la mama, kwa sababu siri ya mgonjwa haitoki wodini. Mwisho wa mwezi ni vema mkuu wa wodi atie saini. Daftari hilo laweza kuanzishwa leo, hata kabla mtu hajaamua kama atafanya mtihani.

Mtihani, lugha na ada

Mtihani hufanyika mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Aprili na Septemba. Una maswali 175 ya kuchagua jibu, na mengi huambatana na picha: chuchu yenye fangasi, mtoto aliyeshika titi vibaya, titi lenye jipu. Hufanywa kwa kompyuta.

Kiswahili hakimo katika lugha za mtihani huo. Mtahiniwa wa Tanzania hulazimika kuufanya kwa Kiingereza au kwa lugha nyingine iliyomo katika orodha. Hii ina maana kwamba mkunga anayejua vema namna ya kumweleza mama jambo kwa Kiswahili au Kinyiha hana budi kujifunza pia jinsi jambo hilohilo linavyoulizwa kwa Kiingereza cha kitabibu. Ni busara kutenga miezi kadhaa kwa ajili ya msamiati peke yake.

Ada hupangwa kwa madaraja kulingana na uchumi wa nchi anayoishi mtahiniwa, hivyo anayeishi Tanzania hulipa pungufu kuliko wa Uingereza au Marekani. Hata hivyo hulipwa kwa fedha za kigeni, na kwa muuguzi wa zahanati ni fungu la kujiwekea mapema.

Cheti hudumu miaka mitano, baada ya hapo hupaswa kuhuishwa. Mwenye cheti huonyesha kuwa ameendelea kusoma na kufanya kazi hiyo, ama hurudia mtihani.

Cheti si leseni

Msomaji asichanganye mambo mawili. Cheti cha kimataifa huthibitisha ujuzi, lakini ruhusa ya kuwahudumia wagonjwa nchini Tanzania hutolewa na mamlaka za hapa. Kwa muuguzi na mkunga, mamlaka hiyo ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mwenye herufi IBCLC asiye na leseni hiyo hawezi kuingia wodini na kuanza kutibu.

Mwenye cheti hufungwa pia na Kanuni ya Kimataifa ya Usambazaji wa Bidhaa Mbadala za Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na mkutano mkuu wa afya duniani mwaka 1981. Hapokei zawadi, sampuli wala ufadhili wa kampuni za maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea. Tanzania iliigeuza kanuni hiyo kuwa kanuni za kitaifa mwaka 1994, na kutunga mpya mwaka 2013.

Katika mji wa mpakani jambo hilo lina uzito wa pekee, kwani bidhaa nyingi hupita na kuuzwa hapo, na mama aliyechoka hushawishika kirahisi na picha ya mtoto mnene juu ya kopo. Mshauri anayelipwa na muuza maziwa ya kopo hawezi tena kuaminiwa anapotamka kuwa maziwa ya mama yametosha au hayatoshi.

Ngazi za kuanzia hapa nchini

Si lazima mtu aanze na IBLCE. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameandaa mafunzo ambayo yamekuwa yakitumika nchini kwa miaka mingi, yakisimamiwa na wizara ya afya pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973.

La kwanza ni fungu la mafunzo ya saa 20 kwa watumishi wa wodi za wazazi. Liliandaliwa kwa ajili ya mpango wa Hospitali Rafiki kwa Mtoto, uliozinduliwa duniani mwaka 1991. Mpango huo umejengwa juu ya hatua 10 za kufanikisha unyonyeshaji, zilizotangazwa mwaka 1989 na kurekebishwa mwaka 2018.

La pili ni mafunzo ya unasihi wa unyonyeshaji ya saa 40, yaliyotolewa mwaka 1993. Humo washiriki hufanya mazoezi na akina mama halisi wodini. Dalili nne za mtoto kushika titi vizuri, zilizotajwa hapo juu, hufundishwa humo.

Mafunzo hayo yote mawili ni ya unyonyeshaji, na aliyehifadhi vyeti na ratiba zake anaweza kuyatumia katika kujenga saa 95, mradi yawe ya miaka mitano ya karibuni. Kwa hiyo mganga mkuu wa wilaya anapoitisha majina ya watu wa kwenda semina, muuguzi wa Tunduma, Vwawa au Itumba anapaswa kuiona nafasi hiyo kama kipande cha safari ndefu, si posho ya siku chache tu.

Kwa anayetaka kuona matatizo magumu, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, yenye kitengo cha wazazi cha Meta, ipo umbali wa takriban kilomita 100 kutoka Tunduma kwa barabara ya lami. Hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, wakiwamo watoto njiti wasioweza kunyonya wenyewe.

Asiye muuguzi naye ana mlango. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hufundishwa ulishaji wa watoto wachanga na wadogo, na ndiye anayemfikia mama nyumbani. Serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu hao Januari 2024. Njia yake ya kufikia cheti cha kimataifa ni ndefu, kwani atahitaji yale masomo 14, lakini ujuzi wa ngazi ya kwanza unatosha kumwokoa mtoto wa mtaa wake na uji wa mapema.

Mambo ambayo vitabu vya nje havisemi sana

Masomo mengi ya kimataifa huandikwa kwa ajili ya mama mwenye jokofu, pampu ya umeme na likizo. Anayejiandaa kufanya kazi Tunduma ana mambo mawili ya kuyajua zaidi ya hapo.

La kwanza ni virusi vya Ukimwi. Mwongozo wa sasa unasema mama mwenye VVU anayetumia dawa za kufubaza virusi amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonyesha huku akimpa vyakula vingine, hata hadi miaka miwili. Tanzania ilianza mwaka 2013 utaratibu wa kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa hizo kwa maisha yake yote.

Hatari kubwa ipo katika kuchanganya. Utafiti uliofanyika Durban, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999, ulionyesha kuwa watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine mapema waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa ya mama pekee. Mshauri anayemwambia mama wa namna hiyo aongeze uji kidogo, kwa hiyo, anaweza kumdhuru mtoto kwa maneno tu.

La pili ni kazi ya mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baadaye hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini muuza ndizi wa mpakani hana mwajiri. Asipofungua biashara hali.

Kwake, ujuzi wa maana kuliko yote ni kukamua kwa mkono. Mama hunawa kwa sabuni, huweka kidole gumba juu na vidole vingine chini, pembezoni mwa sehemu nyeusi ya titi, husukuma kuelekea kifuani, hubana na kuachia, bila kusugua ngozi. Maziwa hukingwa katika chombo safi chenye mfuniko, huwekwa mahali penye ubaridi, na bibi humpa mtoto kwa kikombe badala ya chupa, kwa kuwa kikombe ni rahisi kusafisha.

Akikamua asubuhi kabla ya kutoka, akakamua tena mchana ili titi lisikae limejaa, na kumnyonyesha mtoto usiku kucha, maziwa yake yataendelea kutoka. Kumfundisha haya hadi aweze mwenyewe huchukua kama nusu saa. Nusu saa hiyo ni sehemu ya zile 1,000.

Kwa anayeanza

Muuguzi au mkunga anayetaka kuishika njia hii aanze kwa kusoma mwongozo wa watahiniwa wa IBLCE, kwa sababu masharti hurekebishwa mara kwa mara. Tabibu na watumishi wa kada nyingine waiulize bodi mapema iwapo taaluma yao inatambuliwa kabla ya kulipia masomo.

Kisha afungue daftari la saa, atafute nafasi katika mafunzo ya saa 20 na ya saa 40, ajisajili katika masomo ya kukamilisha saa 95, na aanze kuweka akiba ya ada. Akiyafanya hayo kwa mpangilio, anaweza kuingia katika chumba cha mtihani ndani ya miaka minne au mitano bila kuacha kazi yake.

Wakati huo wote mama wa gengeni atakuwa akiendelea kuja kliniki na lalamiko lake lilelile. Hatauliza kama muuguzi amekwisha kupata cheti. Atauliza kama kuna mtu mwenye muda wa kuketi na kumtazama mtoto akinyonya.